Nilivyomsindikiza Mke Wangu kwa Vyura wa Milima Mikavu

Kwanza kabisa, sikumpiga mtu. Nimesikia kwamba Gervais amekwishawasimulia wote, kanisani na kule ghalani tunakofanya kazi, kuwa nilisafiri hadi jangwani kumfumania mke wangu na daktari wa Kikenya, na kwamba tulishikana mashati juu ya mlima. Hakuna shati lililoshikwa. Lakini tangu nirudi Ingleburn kila mmoja wenu ananivuta pembeni na kuniuliza, "Déo, ilikuwaje?" na nimechoka kusimulia vipande vipande. Nimekaa chini niandike yote mara moja. Mambo ya vibali na fomu nitayaruka. Yalikuwa mengi na hayana ladha.

Wengi wenu mnamjua mke wangu, Goreth, mama yao Ornella na Nadine. Tulikutana kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, tukaja huku Australia pamoja. Miaka ya kwanza alihudumia wazee katika nyumba zao, kisha akaamua kurudi shule, na sasa yuko chuo kikuu kule Kensington. Anasomea wanyama, na kati ya wanyama wote alioumba Mungu, yeye alipewa chura mmoja mdogo kuliko kidole gumba, anayeishi kwenye milima mikavu katikati ya Australia, mahali ambapo mvua ikikosa hukosa miaka. Wale Watanzania wa pale ghalani waliposikia neno "chura" walicheka mpaka wakakaa juu ya maboksi. Mtaani kwao chura ni makalio, si mnyama.

Tulipofungiwa majumbani kwa ajili ya korona, na sisi wa kusini-magharibi tukafungiwa zaidi kuliko wengine, Goreth alihamishia chuo kwenye meza ya jikoni. Asubuhi moja nimetoka shifti, navua viatu mlangoni, nasikia kwenye simu yake sauti ya mwanamume, Kiswahili chake kimetulia: "Goreth, usilale kabla hujasikiliza hii." Alipogeuka akaniona, akaizima.

Nilikaa na sentensi hiyo miezi sita. Niliigeuza kila upande. "Usilale" peke yake ilinitesa, lakini zaidi ilinitesa "Goreth". Mimi mwenyewe, baada ya miaka tisa ya ndoa, simwiti jina hilo. Namwita Mama Ornella, naye ananiita Baba Ornella, kama watu wenye adabu. Huyu bwana alikuwa nani wa kulitamka jina lake hivihivi?

Alikuwa Daktari Kibet, Mkenya wa kule Eldoret, msimamizi wa utafiti wao. Mrefu, mwembamba, hana mke nyumbani. Mwanzoni mwa mwaka, mvua kubwa ziliponyesha kule katikati na mipaka ya majimbo kufunguliwa, wakapanga kwenda kuwatafuta vyura hao. Mahali fulani palipojulikana kuwa na vyura hao palikuwa kimya kwa miaka mingi, na walitaka kujua kama bado wapo. Siku mbili kabla ya safari dereva wao akakutwa na korona. Goreth alikuwa akinieleza tatizo hilo huku anakunja nguo, na kabla hajamaliza nikasema, "Nitaendesha mimi."

Akaniangalia. "Wewe? Hupendi hata mijusi."

"Nina likizo ya siku kumi na nne," nikasema.

Watoto tuliwapeleka Parramatta kwa dada yangu Bernadette. Tukaondoka.

Ingleburn mpaka Hay

Nilipanga viti mwenyewe. Mimi kwenye usukani, mke wangu pembeni yangu, daktari nyuma pamoja na vyombo vyake. Nilijiona nimefanya jambo la akili. Lakini kabla hatujafika Goulburn niligundua kosa langu. Goreth aligeuza shingo kuzungumza na aliye nyuma, na akabaki amegeuka hivyo kilomita mia mbili. Mimi nilikuwa naona sikio lake la kushoto tu. Walizungumza juu ya udongo, unyevunyevu, chemchemi na mwamba. Maneno mengine yalikuwa ya Kiingereza cha chuo, hata sijui yanaandikwaje. Alicheka mara nne. Nilihesabu.

Mara moja tu Kibet alilala, mdomo wazi, na nilimtazama kwenye kioo kwa furaha ambayo siwezi kuieleza mbele ya mchungaji.

Alinizoea haraka mno. "Shemeji, uko fiti? Nikushikie kidogo hiyo gari?"

"Niko sawa, Daktari."

"Niite Kibet tu, shemeji."

Shemeji wa wapi? Nilijiuliza. Dada yake yupo wapi kwetu?

Tulisimama Narrandera kujaza mafuta, na Kibet akaingia dukani, akarudi na pai tatu za nyama zenye moto. Yangu ilikuwa na sosi ya nyanya juu, yake ilikuwa na sosi, na ya mke wangu haikuwa na kitu.

"Yake umeisahau sosi," nikasema.

"Si hapendi sosi ya nyanya," akasema Kibet.

Nikamtazama Goreth. Akatikisa kichwa huku anapuliza pai yake. "Inaniletea kiungulia."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani, Baba Ornella."

Kwa miaka tisa nilikuwa nikimwekea sosi ya nyanya kwenye chipsi zake kila Ijumaa, naye anakula kimya. Na mtu baki anajua. Pai ile ilikuwa nzuri, kusema kweli, lakini niliimeza kama dawa. Kutoka pale mpaka Hay nchi ni tambarare kama meza, hakuna mti wa kutazama wala kona ya kukata, na mtu mwenye mawazo mabaya hana pa kuyaweka.

Hay mpaka mpakani

Siku ya pili Goreth alifungua chakula alichopika nyumbani: chapati, maharage, na ndagala wa kukaanga, wale dagaa wa kwetu ziwani, tulioletewa na rafiki wa Melbourne. Tulikula kando ya mto pale Balranald. Nilitarajia Mkenya wa milimani atashindwa na ndagala. Akala, akalamba vidole, akaomba nyongeza. Goreth akampa wale waliokuwa wamebaki, wale ambao moyoni nilikuwa nimeshajigawia.

Mimi nilikuwa na mfuko wangu wa pilipili. Mnazijua pilipili zangu, zile nilizopanda nyuma ya nyumba wakati wa kufungiwa, nikazilea kama watoto wa tatu na wa nne. Nilikuwa nimezificha chini ya kiti changu. Nilijiambia kwamba huko jangwani, kitu kimoja kitakuwa changu peke yangu.

Tulipoingia jimbo la Australia Kusini, pale Yamba, barabara nzima inasimamishwa. Afisa, mama mmoja mnene mwenye barakoa ya bluu, akainama dirishani kwangu na kuuliza kwa Kiingereza kama tuna matunda yoyote.

"Hapana," nikasema.

Akafungua mlango, akachungulia chini ya kiti, akatoa mfuko. "Na haya?"

"Hayo si matunda. Ni pilipili."

"Ni matunda, bwana. Yanabeba nzi wa matunda. Hayapiti."

Nikamweleza kwamba nyumbani kwetu tunda ni kitu unachompa mtoto baada ya chakula, na kwamba hakuna mtoto duniani anayepewa pilipili baada ya chakula. Yule mama hakucheka. Nyuma yetu magari yalikuwa yakijipanga. Ndipo Kibet alipotoa kichwa kati ya viti na kusema kwa upole, "Shemeji, kisayansi ni kweli. Pilipili ni tunda."

Nikamgeukia mke wangu anitetee.

"Ni tunda," akasema Goreth.

Niliziona pilipili zangu zikiingia kwenye pipa. Nilifunga mlango kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Kwa saa mbili hakuna aliyezungumza, na nakiri kwamba ukimya ule ndio uliokuwa sehemu nzuri zaidi ya siku, kwa kuwa na wao walikuwa hawazungumzi.

Port Augusta, siku tatu za kusubiri

Tulifika Port Augusta jioni na kukuta habari mbaya. Mvua zilezile zilizotuleta zilikuwa zimejaza maji juu ya barabara kuu kaskazini. Malori yalikuwa yamesimama mstari mrefu. Tungoje, wakasema. Hawakusema mpaka lini.

Tulikwenda kwenye kambi moja ya vibanda vya kupangisha. Nilikuwa nyuma, nimebeba mabegi mawili mgongoni na jiko la gesi mkononi. Yule kijana wa kike wa mapokezi akamtazama Kibet, akamtazama Goreth, akatabasamu juu ya barakoa yake kwa macho, akawapa ufunguo mmoja. "Chumba chenye kitanda kikubwa, kwa ajili yenu wawili." Halafu akanyoosha kidole kwangu. "Na dereva wenu atalala kwenye kile chenye vitanda vya juu na chini."

Kibet alicheka kwanza. Goreth akacheka, akajaribu kuacha, akashindwa. Nikaweka jiko la gesi juu ya kaunta, taratibu, nikasema kwa Kiingereza changu cha ghalani, "Mimi ndiye mume."

Binti yule akawa mwekundu mpaka masikioni, akaomba radhi mara tano. Akabadilisha funguo. Lakini neno lilikuwa limeshatoka. Mtu asiyetujua, asiye na chuki na mtu, alitazama watu watatu na akaona wazi ni nani anafanana na nani. Usiku Goreth alinigusa bega akasema, "Lilikuwa kosa tu." Nikajifanya nimelala.

Zilifuata siku tatu ndefu kuliko miezi ya kufungiwa. Wao walikuwa na kazi. Walikaa kwenye meza ya nje wakisikiliza sauti za vyura zilizorekodiwa zamani, na kwa kuwa walikuwa na waya mmoja wa masikioni, Kibet alivaa upande mmoja na mke wangu upande mwingine. Vichwa vyao vilikuwa mbali kiasi cha kiganja. Nilipima kwa macho nikiwa nafua soksi zangu. Soksi hizo nilizifua mara tatu.

Siku ya pili Kibet akapika ugali. Mwanamume, amesimama jikoni, anasonga ugali mgumu, mzuri, na sukumawiki aliyoipata sijui wapi. Goreth akaketi na kukunja miguu kitini kama mgeni wa heshima. "Baba Ornella," akasema, "onja hii." Nikaonja. Nilitafuta kasoro, sikuiona. Nikasema chumvi imezidi, na wote wawili wakajua kwamba haijazidi.

Alasiri hiyo ndipo nilipopata ujasiri wa kuuliza. Kibet alikuwa amekwenda kuulizia barabara. Nikamwambia mke wangu, "Kuna siku alikuambia usilale kabla hujasikiliza kitu. Kitu gani?"

Goreth alifikiri muda mrefu, hakumbuki. Kisha akachukua simu, akapekua, akaifungua sauti ile ile. "Goreth, usilale kabla hujasikiliza hii." Nikashika ukingo wa meza. Baada ya hapo ikaja sauti kama mtu anayekwaruza kitana kwa ukucha. Kre-ek. Kre-ek.

"Dume wa upande wa milima ya Musgrave," akasema. "Rekodi adimu sana. Aliipata kwa mtu mzee aliyeitunza kwenye kanda."

Ningepaswa kufurahi. Badala yake niliumia upya. Kama ingekuwa maneno ya mapenzi, ningejua la kufanya. Lakini mtu amempelekea mke wangu sauti ya chura, na mke wangu akaitunza simuni miezi sita. Mimi sina kitu alichowahi kukitunza hivyo.

Marla na milima yake

Siku ya nne maji yalipungua wakaturuhusu. Tulipita kwenye lami yenye matope pande zote mbili, jangwa limeota majani kama kichwa cha mtoto kilichonyolewa wiki mbili zilizopita. Tulilala Coober Pedy, na kesho yake mchana tukafika Marla, ambako alitusubiri mwenyeji wetu, mama mmoja wa wenyeji asilia wa nchi ile, jina lake Nola. Kila mtu alimwita Anti Nola, nasi tukafuata. Kijiji chao kilikuwa bado hakipokei wageni kwa sababu ya ugonjwa, kwa hiyo tungepiga kambi mbali nacho, na kabla ya yote alitaka tujipime mbele yake.

Tulikaa watatu kwenye kivuli cha gari, kila mmoja na kijiti chake puani. Hapa nitakiri jambo ambalo hata Goreth nimemwambia juzi tu. Wakati tukisubiri zile dakika kumi na tano, nilikitazama kipimo cha Kibet na nikaomba, Mungu anisamehe, kitoe mistari miwili. Nilimwona akibaki Marla peke yake kwenye chumba, anakohoa kidogo tu, si sana, sisi tukiendelea. Ukatoka mstari mmoja. Akauonyesha juu kama mtoto aliyefaulu mtihani.

Milima yenyewe ni miamba myekundu inayochomoza toka kwenye ardhi bila kukuandaa. Kutoka mbali ungesema hakuna uhai. Anti Nola alitutangulia kwenye bonde jembamba, na ndani yake, chini ya mwamba, maji yalikuwa yakitoka taratibu na kulowesha mawe. Alisema alipokuwa msichana aliwasikia hapa, wengi, na kwamba baadaye kukawa kimya. Alitukataza sehemu fulani za bonde, tusikanyage, na hatukukanyaga.

Siku ya kwanza walicheza ile rekodi kwenye kipaza sauti kidogo, wakasikiliza. Kimya. Siku ya pili kimya. Goreth alipiga magoti kwenye matope tangu alfajiri, akiinua jiwe moja moja na kulirudisha kama alivyolikuta. Jioni ya siku ya pili hakula. Alisema tu, "Labda wamekwisha." Nilitaka kumwambia neno, sikujua neno gani linafaa. Kibet akamwambia, "Bado kesho, Goreth." Likafaa.

Siku ya tatu kulikuwa na wingu zito. Tulipanda juu zaidi, Kibet mbele, Goreth nyuma yake, kisha mimi nimebeba betri na madumu ya maji, kisha Anti Nola. Palikuwa na mwamba wenye utelezi. Kibet akavuka, akageuka, akamnyooshea mke wangu mkono. Goreth akaushika. Akavuka. Mkono ukabaki umeshikwa.

Labda sekunde mbili. Sijui. Mimi nilikuwa nimeteleza, goti limepiga jiwe, dumu limenimwagikia, na nilipoinua kichwa nikaiona mikono ile. Yote ya tangu Ingleburn yakapanda kwa pamoja, sosi na pilipili na ufunguo wa chumba, nikapiga kelele kwa sauti ambayo sijaitumia tangu kambini.

"Mwachie! Huyo ni mke wangu!"

Bonde likairudisha. *Mke wangu, angu, angu.* Kisha kukawa kimya kabisa. Kisha, chini ya jiwe, hatua mbili kutoka kwenye goti langu:

Kre-ek.

Kibet akaachia mkono wa Goreth, akainua kidole. "Shemeji," akanong'ona, "usisogee. Rudia."

"Nini?"

"Rudia. Kwa sauti ileile. Tafadhali."

Ndugu zangu, hasira hairudiwi kwa kuombwa. Ilikuwa imeshaisha, imebaki aibu tupu. Lakini nilimwona mke wangu. Alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili, macho yametoka. Nikavuta pumzi. Neno jingine halikunijia.

"Mwachie! Huyo ni mke wangu!"

Kre-ek, akajibu yule wa chini ya jiwe. Kre-ek, akajibu mwingine upande wa pili wa maji. Na wa tatu, juu kidogo.

Anti Nola alikuwa amekaa juu ya mwamba, mabega yanatikisika. Akauliza kwa Kiingereza nimesema nini. Kibet akatazama chini. Goreth akamjibu, sauti kavu, "Anasema mimi ni mke wake."

"Hilo tulilijua tangu juzi," akasema Anti Nola.

Baadaye Kibet alinieleza. Dume wa chura huyu hujichimbia chini ya jiwe lenye unyevu, huita mpaka jike aje. Jike akishataga anakwenda zake, na dume anabaki juu ya mayai. Akisikia sauti ya dume mwingine karibu, anajibu kumfukuza. Rekodi yetu hawakuijali. Mimi waliniamini.

Walifurahi wote isipokuwa mmoja. Goreth alifanya kazi yake, akapima, akaandika, na alipomaliza akanipita na kushuka mpaka kwenye gari. Nikamfuata. Alikuwa anaosha mikono.

"Umenifanya nini mbele za watu?" akasema bila kunitazama.

"Alikushika mkono."

"Ili nisianguke. Ningeanguka ungefurahi?" Akakung'uta maji. "Baba Ornella, miaka miwili nimefanya kazi hii kwenye meza unayolia chakula. Miaka miwili. Daktari Kibet ananiuliza ninafikiri nini. Wewe unaniuliza nitamaliza saa ngapi. Basi. Hilo ndilo analokuzidi. Hakuna jingine."

Nilikaa kwenye ubao wa nyuma wa gari, suruali imelowa, goti linavuja damu. Nilitaka kusema kwamba nafanya shifti mbili, kwamba narudi nimechoka. Ni kweli, lakini halikuwa jibu la alichosema. Mwisho nikasema, "Nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini?"

"Huyo niliyemfokea."

Alisita. Kisha tukapanda tena, wawili tu. Aliinua jiwe kwa vidole vya mikono yote miwili. Yule dume alikuwa pale, mdogo kama harage kubwa, mgongo rangi ya mawe ya kwao, na chini yake mayai kama shanga za vioo. Hakukimbia. Goreth akaanza kunieleza, kwanza kwa kifupi, kama mtu anayeeleza mgeni. Nikauliza swali moja, nadhani la kijinga, kama anakula nini akiwa juu ya mayai. Akasema hata wao hawana uhakika, na akatabasamu kidogo, si kwangu, kwa swali lenyewe.

Jioni Kibet alikuja nilipokuwa nawasha jiko. "Shemeji, nina mtu wangu Nakuru," akasema. "Huu ni mwaka wa pili mipaka imefungwa, sijamwona. Nyinyi mnagombana juu ya nani amesahau chumvi, na mimi nakaa hapo kwenye hema nasikiliza. Nawaonea wivu mpaka tumbo linauma." Akaondoka kabla sijamjibu. Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi, lakini si kuonewa wivu na Kibet.

Kurudi peke yangu

Kwa kuwa mayai yalikuwepo, walihitaji kuyaangalia wiki tatu zaidi. Mimi likizo ilikuwa inaisha. Gari lingebaki nao, na Anti Nola angenipeleka Marla nikapande basi la kwenda Adelaide.

Asubuhi ya mwisho Goreth alikuwa anajaza daftari la siku ile. Kuna safu ya kuandika kilichomfanya chura aite. Nikasoma juu ya bega lake: *Sauti ya binadamu, mwanamume, hatua mbili.*

"Hukuandika maneno," nikasema.

"Maneno ni yangu," akasema, akafunga daftari.

Kisha akanitazama usoni. "Sema ukweli. Ukisema nirudi nawe, nitarudi. Nitakasirika, lakini nitarudi."

Alimaanisha, namjua. Kibet alikuwa hatua thelathini, anakunja turubai, wala hawezi kutusikia. Ilikuwa rahisi sana. Neno moja tu, na siku ya tatu tungekuwa Ingleburn, yeye kwenye kiti cha pembeni, shingo imenielekea mimi.

"Baki," nikasema.

"Una hakika?"

"Hapana. Baki."

Akanikumbatia mbele ya Anti Nola na mbele ya daktari, jambo ambalo mke wangu halifanyi mbele ya watu. Nikapanda gari la Anti Nola. Njiani aliniuliza kama goti linauma. Nikasema linauma. Hakuniuliza kingine, na nilimshukuru kwa hilo mpaka Marla.

Kwenye basi nilikaa dirishani zaidi ya saa kumi, na nilikuwa na wivu kwa zote. Nisiwadanganye. Nilimwona Kibet akisonga ugali. Niliwaona na ule waya wa masikioni. Adelaide niliamka kwenye kiti cha uwanja wa ndege nikiwa nimekunja ngumi.

Sasa nina siku kumi na moja tangu nifike. Goreth hupiga simu kila jioni, anapanda kwenye kilima chenye mtandao. Mnaniuliza kama nimepona. Jana alipopiga nilisikia nyuma yake sauti ya Kibet ikisema kitu, na yeye akacheka kabla hata hajanisalimu. Moyo ulinichoma palepale, kama siku ile ya sikio la kushoto, hata zaidi. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni. Nikasubiri wamalize kucheka.

Kisha nikasema, "Mayai yamefika wapi? Na wewe unaonaje, mvua isiponyesha tena itakuwaje?"

Nilidhani mtandao umekatika. Kisha akaanza kueleza, pole pole, halafu haraka, akaeleza mpaka simu yake ikaisha chaji katikati ya sentensi.